Nani Ameshika Ndoto Yako?

Kaa base yoyote Eastlands, iwe Kayole, Dandora, Umoja ama Kariobangi, na utaskia stori za kila design. Nani ameomoka, nani amesota, nani amehepa na doo ya chama, Gor imechapwa na nani, siasa mpaka mate zikauke. Lakini kuna swali moja utangoja mpaka usiku na hutaliskia. Hakuna msee huuliza mwenzake: "Ile kitu ulikuwa unataka kuwa tukiwa primo, iliishia wapi?"

Hatuulizani juu kila mtu anaogopa. Mwenye anaulizwa anaogopa kuchekwa, na mwenye anauliza anaogopa kurudishiwa swali. Mtaani unaeza onyesha watu simu mpya, njumu mpya, hata manzi mpya, na hakuna noma. Sasa jaribu kusema mbele ya mbogi nzima ati unataka kuwa rubani. Utapewa jina hapo hapo. Kuanzia hiyo jioni wewe ni "Captain," na hiyo jina itakufuata mpaka watoto wako waanze kuitwa watoto wa Captain.

Na si roho mbaya, hapo lazima niwatetee wasee wangu. Mtaa umeona watu wengi wakijaribu vitu kubwa na wakaanguka vibaya. Kuna yule alienda trials za timu kubwa akarudi na goti limeisha. Kuna mwingine aliuza TV ya mathe yake ndio arekodi ngoma, na hiyo ngoma haikuchezwa mahali popote, hata kwa mathree ya binamu yake. So wasee wanakucheka mapema ndio usije ukalia baadaye. Ni huruma yenye haijui kujieleza.

Mi naona hivi. Hakuna binadamu ana nguvu ya kubeba ndoto moja peke yake kutoka darasa la tatu mpaka afike miaka arobaini. Katikati hapo kuna miaka utaiweka chini, utake usitake. Utapata mtoto. Mzae atagonjeka na ganji yote iende hosi. Landilodi ataongeza kodi. Job itaisha na hakuna mtu alikuambia. Hiyo miaka yote hutakuwa unawaza urubani, utakuwa unawaza unga. Sasa, hiyo miaka umelala, ndoto inabaki kwa nani? Ka hukuwahi ambia mtu, imeenda hivyo, hata matanga haikupata. Ka uliambia beshte wa nguvu, iko kwake, ameiweka poa, na siku moja atakuja kukuuliza.

Nimeona hii kitu ikifanyika kwa macho yangu, na nataka niisimulie pole pole.

Kuna mathe anauza mboga kwa kona ya karibu na keja yangu. Ana miaka arobaini na kitu, watoto watatu, wa kwanza ashamaliza hai. Yeye aliachia shule form two, akiwa na ball ya huyo wa kwanza. Alikuwa anataka kuwa nesi. Miaka yote hiyo, mtu mmoja tu ndiye alikuwa anajua: beshte yake anayesuka nywele kwa kasaluni kenye kameshikana na kibanda. Hao wawili wametoka mbali. Wamezikiana wazazi, wameleana watoto, wamekopeshana mpaka hakuna mwenye anajua nani anadai nani.

Siku moja msusi alikuwa anamtengeneza matuta, mi nikiwa hapo nje nimengoja avocado zangu. Akiwa katikati ya kichwa, akauliza tu ka mtu anauliza bei ya nyanya: "Na ile unesi, tulisema aje?" Mathe akacheka. "Ai, wewe nawe. Hiyo ni ya watoto sai." Msusi hakucheka. Alivuta ule mstari mpaka mathe akashika kichwa, akamwambia, "Watoto wako wamekua. Sasa ni wewe."

Halafu akatoa simu kwa mfuko wa eproni akamwonyesha vitu alikuwa ashacheki. Si maneno ya kumfurahisha, ni vitu za kufanya. Venye mtu anaeza sajiliwa KCSE akiwa mtahiniwa wa binafsi. Ati ni masomo saba. Ati KMTC, ukitaka diploma ya unesi, gredi ya kwanza wanaangalia ni C. Na akamkumbusha ati KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, na darasa la mwisho la 8-4-4 litakalia KCSE 2027. "Unaona hiyo mlango? Inafungwa polepole. Ukiendelea kuniambia wewe ni mzee, utabaki nje ukibisha."

Mathe hakusema ndio. Alilipa matuta, akaenda. Lakini wiki iliyofuata nikamwona akiwa amekalia kreti, kitabu ya baiolojia imefichwa chini ya gazeti ya kufungia vitunguu.

Sasa ngori ikaanza, na hii ndio sehemu watu hawaambianangi. Tuition ya watu wazima ni jioni, saa kumi na moja mpaka saa mbili. Na mtu yeyote anajua biashara ya mboga: mchana ni nzi tu. Pesa iko jioni, watu wakitoka job, wakishuka jav, kila mtu anataka sukuma ya mbao ikatwe haraka akapike. Ukitoa mama mboga kwa kona saa kumi na moja, umemtoa kwa pesa ya siku nzima. Hiyo ndio sababu ya kweli ndoto hufa mtaani. Watu husema ni uvivu, husema ni akili haiko. Wapi. Ni saa. Saa ya ndoto na saa ya unga ni ile ile moja.

So msusi akaita watu. Hakuitisha mchango, alikuja na ratiba. Yeye mwenyewe angefunga saluni mapema Jumatatu na Jumatano akalie kibanda. Mama wa chapo akachukua Jumanne, juu chapo zake zinaisha saa kumi. Na Alhamisi akatuangushia sisi, wasee wa base, wale huwa tumekaa hapo kwa ukuta tukiongea mambo ya Arsenal. Hakutuuliza ka tunataka. Aliuliza nani anajua kushika kisu.

Nikuambie, kukata sukuma si mchezo. Wateja wa huo mtaa wamezoea mkono wa mathe, majani yakitoka laini ka uzi, kisu haigusi kidole hata yeye akiangalia upande mwingine akibonga na mtu. Sisi tulikuwa tunatoa vipande za kutosha kufunga chapo. Shosh mmoja aliangalia ndani ya karatasi, akaniangalia, akasema, "Mjukuu, hii nitapikia ng'ombe?" Lakini alilipa. Na Alhamisi iliyofuata akarudi, akasimama kando yangu, akanionyesha venye majani yanakunjwa pamoja kwanza halafu ndio kisu inaanza. Hivyo tu, hata yeye akawa ameingia kwa mbogi ya kumsomesha mathe, na hakuna mtu alikuwa amemwomba.

Na kwa saluni, mtihani uko kila siku. Unakuta mteja amekaa, mafuta iko kwa kichwa, msusi anatupa swali kupitia dirishani: "Valensi ya kalisiamu?" Kutoka kibandani, mathe akipimia mtu nyanya: "Mbili!" Msusi mwenyewe hakusoma kemia. Ameandikiwa majibu na mtoto wa mathe kwa karatasi, ameibandika kando ya kioo.

Hiyo ndio mimi naita kutia mtu moyo. Ukiangalia vizuri, hakuna siku msusi alimwambia mathe "utatoboa." Hilo neno sijawahi liskia likitoka kwa mdomo wake. Na mi nadhani tumelitumia mpaka limeisha ladha. Beshte anaposti kitu kwa status, tunaangusha moto tatu, tunaandika "utatoboa bro," tunasonga. Haijatugharimu kitu. Kesho hatutakumbuka hata ilikuwa nini. Mwenye amekushikia ndoto hakuambiangi utatoboa. Anakuuliza umefika wapi. Na akikuuliza mara ya tatu na jibu ni lile lile, anauliza kitu gani imekuzuia, halafu anaanza kuangalia ka anaeza kuitoa.

Cheki Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, alikimbia marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Hiyo namba kila mtoto Kenya anaijua. Kuna namba ingine watu wengi wameisahau: 41. Hao ndio walikuwa wale wasee wa kuweka kasi. Walikuwa wanaingia kwa zamu, saba kwa wakati, watano mbele wamejipanga ka V, wawili nyuma, yeye katikati. Kazi yao ilikuwa kumkinga upepo na kushika mwendo, ndio yeye awaze tu kukimbia. Na usidhani ni watu waliokotwa barabarani. Kulikuwa na Bernard Lagat, msee alibeba dhahabu mbili za dunia, 1,500 na 5,000, mwaka mmoja, 2007. Kulikuwa na Jakob Ingebrigtsen na mabrathe zake wawili kutoka Norway. Kulikuwa na Augustine Choge na Victor Chumo wa huku kwetu. Watu wako na majina yao, na hiyo asubuhi walikubali kukimbilia jina ya mtu mwingine. Karibu na mwisho wakarudi nyuma, wakamwachia barabara amalizie peke yake. Akifika, wao ndio walimbeba juu.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Monza, Italia, Mei 2017. Hapo alijaribu kitu hiyo hiyo, kumaliza chini ya saa mbili, akamaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Zilibaki sekunde 25 tu. Miaka miwili baadaye wakakusanyika tena.

Sasa sikia hii. Ile mbio ya Vienna haikuwekwa kwa vitabu vya rekodi, na moja ya sababu ni hao wasee wa kuingia na kutoka. Alisaidiwa kuliko venye sheria inaruhusu. Mi sina shida na hiyo, sheria za riadha ni za riadha. Lakini maisha ya mtaa hayana hiyo sheria. Hakuna refa Kariobangi atakuja kusema cheti ya mathe haihesabiwi juu msusi alikalia kibanda Jumatatu na Jumatano. Kusaidiwa kunaruhusiwa. Kupokezana zamu kunaruhusiwa. Na bado tunatembea na hiyo aibu, ati mwanaume anaomoka peke yake, ati ukisaidiwa hujafika kihalali. Hata Julius Yego, mwenye kila mtu anasema alijifunza kurusha mkuki kwa YouTube, alipelekwa Finland akapata kocha wa kumsimamia kabla hajarusha mita 92.72 na kubeba dhahabu ya dunia Beijing 2015. YouTube ilimfungulia mlango. Kuna watu walimvutia kiti ndani.

Mathe akilemewa, huwa anarudi kwa ile wimbo yake ya "nimezeeka." Hapo mtu lazima amtajie Kimani Maruge. Huyo guka aliingia darasa la kwanza Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka wa 2004, akiwa na miaka 84, amevaa soksi ndefu na kaptula ka watoto wengine. Elimu ya msingi ya bure ilikuwa imeanza 2003 na yeye akasema na yeye ni Mkenya. 2005 alikuwa New York, Umoja wa Mataifa, akiongelea masomo. Lakini mi huwa nawaza zaidi mwalimu mkuu, Jane Obinchu. Guka alikuja kwa geti na ndoto, sawa. Bila mtu wa kufungua geti, angekuwa tu mzee mwingine amesimama nje ya shule.

Kwetu base tuna yetu pia. Ule Captain nimetaja juu kule si mfano wa kutunga, yuko. Alilelewa upande wa Embakasi, ndege zikishuka JKIA zikipita juu ya keja yao chini chini mpaka mabati yanaongea. Akiwa mtoto alikuwa anajua ndege kwa mlio. Tulimcheka miaka mingi, na yeye akajifunza kucheka na sisi, mpaka ikafika mahali hata yeye alikuwa anajiita Captain ka utani. Mwenye alikataa utani ni beshte yetu mmoja, konda wa nganya za Rongai. Barabara yake ya Lang'ata inapita Wilson, na Wilson ndio shule za urubani ziko. Siku moja akamwambia Captain aingie jav asubuhi, akamshusha hapo getini, akamwambia, "Ingia uulize bei. Nitakupitia nikirudi tao."

Captain alirudi na karatasi. Tuliisoma sote kwa taa ya duka. Ni mamilioni. Hapo ndio ningetarajia kicheko, na hakikuja. Konda ndiye aliongea kwanza: "Sawa. Angalau sasa tunajua tunapigana na nani."

Huo usiku ulibadilisha kitu. Tukaacha kuongea ndoto ka hewa, tukaanza kuipigia hesabu. Mmoja wetu, mwenye anajua mambo ya kamera, akatuchanua stori ya droni: ati Kenya ilitoa kanuni zake 2020, na ukitaka kurusha kikazi lazima upate mafunzo na leseni ya KCAA. Leseni ya droni haifiki karibu na bei ya ile ya ndege. Tukaanza kuweka soo kila Ijumaa, mwenye amesota anaweka finje, mwenye hana kabisa anasema na hakuna mtu anamwangalia vibaya. Tulikubaliana hii si mkopo na si msaada. Ni zamu. Sai ni ya Captain, kesho ni ya mwingine. Leo yeye huitwa kurushia watu harusi na kupima mashamba, na doo ya hizo kazi ndio anaweka kando. Bado ndege ndio anataka. Konda hajaacha kumuuliza.

Sitaki ukadhani mbogi ni malaika. Kuna mbogi haikuchukii hata kidogo, inakupenda, na ndio maana inakushika mguu. Inaogopa utatoka. Ukianza kurauka, ukianza kukataa raundi ya Ijumaa, ukianza kusoma kitu usiku, wanaona kiti yako ikibaki wazi kabla hata hujaondoka. Wataanza, "umekuwa mtu wa maana sai," "umetusahau." Hapo usikasirike, na usijitetee na maneno mengi. Wape kazi. Mtu mwenye amepewa zamu kwa safari yako haoni ka unamwacha. Msusi alijua hiyo kitu bila kusoma mahali. Sisi wa kwa ukuta tungekuwa wa kwanza kumcheka mathe na vitabu vyake. Alituwekea kisu kwa mkono.

Na kuna beshte mwingine nadra zaidi: yule anakuambia ukweli ukiwa bado unaeza kurekebisha. Sauti Sol walianza 2005 Upper Hill, vijana wa shule, Bien, Chimano na Savara, wakiimba akapela. Akapela haina gita wala ngoma ya kufichia makosa. Ukitoka kwa noti, mwenzako amesikia, na asipokuambia kikundi chote kinaharibika. Polycarp na gita yake alikuja baadaye, albamu ya kwanza *Mwanzo* ikatoka 2008. Wakakaa pamoja mpaka Novemba 2023 walipofanya shoo zao za kuagana, kila mtu aende afuate yake. Hata hiyo ya mwisho naiheshimu. Kuna urafiki wa kukusukuma ukiwa ndani, na kuna wa kukuachilia vizuri.

Ka unataka kujua utaambia nani ndoto yako, usiangalie mwenye anacheka na wewe sana. Angalia mwenye anakumbukanga vitu ndogo. Ulisema una intavyu Jumanne, Jumanne jioni nani aliuliza? Ulisema mathe yako anaenda kupimwa, nani alipiga simu? Huyo ndiye. Mwambie hata ka ni kwa meseji, hata ka utaifuta mara mbili kabla ya kutuma. Usimwambie mbele ya base nzima. Base itakuja baadaye, ikiletwa na huyo mmoja.

Na ka wewe ndiye umeambiwa, maze, hiyo ni amana. Usiibebe kwa grupu ya WhatsApp. Usiifanye jina ya utani. Iweke, na uulize.

Kuna siku pia beshte ataanguka, na hapo ndio kazi huwa ngumu. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa 800 kutoka pande za Eldoret. 1996 alipelekwa Finland akafunzwa kuteleza kwa theluji, kitu hakuwahi ona maishani. 1998 akaenda Olimpiki ya Nagano, Japani, mbio za kilomita 10. Alikuwa wa mwisho, namba 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa ashamaliza kitambo, na watu walikuwa wanamngoja akapewe medali. Akakataa kutoka hapo kwa laini. Alingoja Boit afike, akamkumbatia. Boit hakuacha mchezo. Alirudi Olimpiki 2002 na 2006, na mtoto wake mmoja akamwita Dæhlie. Mi nikiwaza ile miaka minane ya kuendelea, sidhani ni theluji ilimvuta. Mtu akikungoja wakati hakuna mtu mwingine anakuangalia, unapata sababu ya kuamka tena.

Mathe naye ashawahi anguka. Mtihani wa majaribio wa hesabu ulirudi na namba zenye alikataa kutuonyesha. Alikaa siku kadhaa hajafungua kitabu, vitunguu vikafungwa na gazeti tupu. Msusi hakumpa hotuba. Alimpeleka kwa kijana mmoja wa campo anakaa ploti ya nyuma, akamwambia amfunze aljebra, malipo ni kunyolewa bure na mboga ya wiki. Kijana alikubali kwa haraka juu anakaanga mayai kila siku.

KCSE ni Novemba. Sai kibanda kina ratiba yenye imeandikwa na chaki kwa ubao, kando ya bei ya hoho. Na wiki hii kuna noma: mwenye alikuwa na zamu ya Alhamisi amepata mjengo Syokimau, atarudi saa mbili usiku. Captain ana harusi ya kurushia droni. Konda yuko Rongai. Mathe akatuma sauti kwa grupu, akasema hakuna haja ya kusumbua watu, anaeza kosa hiyo siku moja tu, si mbaya.

Msusi alijibu kabla hiyo sauti hata haijaisha kuskizwa na wengine. "Hakuna kukosa. Alhamisi ni baiolojia. Nani ako free, na nani amekaa na kisu yangu?"